Kimya cha Namna Tatu

Wahenga walisema ya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu neno hilo hutumiwa kutuonya tujihadhari na mtu asiyesema, lakini laweza pia kuwa ufunguo wa aina moja ya hadithi ipendwayo mno na vijana, yaani hadithi ya upelelezi. Katika hadithi ya namna hiyo mtu mmoja amekufa, watu wengi wamenyamaza, na mtu mmoja yuazunguka huku na huko akiuliza. Msomaji humfuata yule mwulizaji nyuma nyuma, akikisia na kukosea, mpaka siri itoke na mwuaji ajulikane. Kisha kitabu hufungwa, na mara nyingi husahauliwa siku ile ile.

Wasomaji wa Kiswahili waijua ladha hiyo. Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu hapo Bwana Msa na sahibu yake Najum wamekuwa kama wenyeji katika nyumba zetu na madarasa yetu. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha mwandishi wake. Lakini Bwana Msa ana jamaa zake wa mbali, na yafaa kuwajua. Mmoja ni Sherlock Holmes wa Uingereza, aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Mwaka mmoja kabla ya Holmes, katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, kijana mmoja asiyejulikana na mtu alikuwa amekwisha toa hadithi yake ya kwanza ya upelelezi. Jina la kitabu hicho ni The Mystery of a Hansom Cab, maana yake fumbo la gari la farasi la kukodi.

Kitabu hicho ndicho nitakachokipima hapa. Natangulia kumwonya msomaji kwamba nitaitoboa siri yake yote, kwa sababu hadithi ya siri haiwezi kuhukumiwa kwa haki na mtu anayekataa kutazama siri yenyewe. Asiyependa kuambiwa na akisome kitabu kwanza, kisha arudi hapa tushindane. Nasema tushindane kwa kuwa nina hoja ya kutetea. Naona ya kwamba fumbo kubwa la kitabu hiki halimo garini. Limo katika vinywa vya watu watatu walionyamaza, kila mmoja kwa sababu yake, na katika swali hili: ni nani aliyelipa gharama ya kimya chao?

Kwanza tumwone mwandishi. Fergus Hume alizaliwa Uingereza mwaka 1859, akakulia Dunedin, New Zealand, akasomea sheria, na mwaka 1885 akahamia Melbourne akawa karani wa wakili. Tamaa yake ilikuwa kuandika michezo ya kuigizwa, lakini wenye majumba ya michezo hawakumjali. Basi akaona hana budi kulitangaza jina lake kwa njia nyingine. Katika dibaji aliyoiandika miaka kumi baadaye asimulia kwamba alimwendea mwuza vitabu wa mjini akamwuliza ni vitabu gani vinunuliwavyo kuliko vyote. Akajibiwa kwamba ni hadithi za upelelezi za Mfaransa mmoja, Gaboriau. Hume akavinunua, akavisoma, akapata namna ya kuandika, kisha akatumia usiku mwingi kutembea katika vichochoro vibaya vya mji ili ajue jinsi watu wa huko waishivyo na wasemavyo.

Alipoumaliza mswada wake, wachapaji walikataa hata kuutazama. Sababu yao, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kwamba mtu wa koloni hawezi kuandika kitu kistahilicho kusomwa. Hume alikuwa Mzungu akiishi miongoni mwa Wazungu wenzake, na dhiki yake haiwezi kulinganishwa na dhiki za wenyeji wa nchi zilizotawaliwa. Hata hivyo, msomaji wa Kenya hahitaji kufasiriwa uchungu wa neno lile. Ni neno lisemwalo na wale waaminio kwamba akili na sanaa huja kwa meli tu, hazioti shambani mwa watu. Hume hakubishana nao. Alikichapisha kitabu kwa fedha zake mwaka 1886, na watu wa Melbourne wakakinunua upesi. Ndipo akafanya kosa ambalo kila mwandishi kijana angepaswa kulikumbuka. Aliiuza haki yake yote ya kitabu kwa pauni 50. Mwaka uliofuata kikapigwa chapa London, kikanunuliwa kwa mamia ya maelfu, na faida ikawaendea wengine. Hume aliandika vitabu vingine zaidi ya mia moja mpaka alipofariki mwaka 1932, wala hakuna hata kimoja kilichofikia sifa za kile cha kwanza.

Sasa tuingie garini. Gari la namna hii lilikuwa na magurudumu mawili na farasi mmoja. Abiria wawili walikaa mbele, nusu wamefunikwa, na dereva alikaa juu kwa nyuma, hatamu zikipita juu ya paa. Dereva alisema na abiria kwa kitundu kilichokuwa darini. Kwa hiyo waliokuwa ndani walimwendea karibu kuliko abiria wowote wa siku hizi, na bado hakuwaona. Hapo pana werevu wa kwanza wa mwandishi. Hakutafuta jumba la kale lenye popo wala msitu wenye giza. Alichukua chombo kilichopita barabarani kila saa, akatuonyesha ya kuwa mtu aweza kuuawa katikati ya mji, hatua moja kutoka kwa shahidi, na shahidi asijue.

Hadithi yaanza kwa habari ya gazeti. Usiku wa mwezi wa Julai dereva mmoja aitwaye Royston amwona bwana mmoja amelewa karibu na sanamu, penye njia panda ya Collins Street na Russell Street. Bwana mwingine aliyevaa koti jepesi amshika mlevi yule, amwacha, kisha arudi na kuingia naye garini. Katikati ya safari kuelekea St Kilda yule mwenye koti ashuka, asema atarudi mjini kwa miguu. Dereva aendelea. Alipofika mbele na kumwita abiria aliyesalia, hakupata jibu. Mtu amekufa, na kinywani amefungwa kitambaa kilicholoweshwa klorofomu, dawa ambayo madaktari walitumia kuwalaza wagonjwa kabla ya kuwapasua.

Askari kanzu aitwaye Gorby aligundua kwamba marehemu ni Oliver Whyte, kijana aliyetoka Uingereza karibuni. Whyte alikuwa akitaka kumwoa Madge, binti wa tajiri mkubwa Mark Frettlby, lakini Madge alikuwa amemchagua kijana wa Kiairishi, Brian Fitzgerald. Fitzgerald na Whyte walikuwa wamekwisha gombana, na dalili zote zilimwelekea Fitzgerald. Akakamatwa. Wakili wake, Calton, alimwuliza jambo moja jepesi: usiku ule, saa ile, ulikuwa wapi? Fitzgerald akakataa kusema. Alikuwa tayari kunyongwa kuliko kulijibu swali hilo.

Hiki ndicho kimya cha kwanza, nacho ndicho kilichowafanya wasomaji wa zamani wakeshe. Twajua kwamba kijana huyu hana hatia, twajua kwamba neno lake moja lingemfungulia mlango wa gereza, na bado hasemi. Alikokwenda usiku ule twakujua baadaye. Msichana mmoja maskini, Sal Rawlins, alimletea barua, akamwongoza mpaka nyumba chafu katika kichochoro cha Little Bourke Street. Humo alilala mwanamke aliyekuwa akikata roho. Mwanamke huyo, Rosanna Moore, aliyekuwa zamani mchezaji wa jukwaani, alimwambia kwamba yeye ndiye mke halali wa Mark Frettlby, na kwamba ndoa yao ilifungwa kabla Frettlby hajamwoa mama yake Madge.

Hapa huenda msomaji wetu akasita. Katika nchi yetu, kwa mila nyingi na kwa dini ya Kiislamu, mwanamume kuwa na wake wawili si ajabu wala si kosa. Kwa nini basi habari hii iwe siri ya kufia? Hatuna budi kuisoma hadithi kwa sheria ya mahali pake. Katika koloni ya Victoria ilitawala sheria ya Kiingereza. Mume hakuweza kufunga ndoa ya pili maadamu ndoa ya kwanza haijavunjwa na mke yu hai. Akifanya hivyo, ndoa ya pili huwa si ndoa, na mtoto wake huhesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Kwa hiyo maneno ya Rosanna yalikuwa na maana moja tu: Madge, aliyeheshimiwa na mji mzima, hakuwa mtoto wa halali machoni pa sheria. Watu waliomwinamia jana wangemgeuzia visogo kesho. Fitzgerald aliona ni afadhali afe yeye, Madge asilijue jambo hilo wala walimwengu wasilijue.

Je, kimya hicho chasifika? Nakubali kwamba chasifika. Mtu anayejinyima uhai ili ailinde heshima ya mwingine hawezi kuitwa mwovu. Lakini mwandishi, pengine bila kukusudia, ametuonyesha kasoro yake pia. Fitzgerald hakumwuliza Madge. Alimchagulia ajue nini na asijue nini, kana kwamba yeye ni chombo cha udongo kitakachovunjika kikiguswa. Naye Madge katika kitabu chote si chombo cha udongo. Yeye ndiye aliyesimama imara watu walipokwisha kuamini kwamba mchumba wake ni mwuaji. Tukitazama nguvu za moyo wake, twaona kwamba angeliweza kuustahimili ukweli. Afadhali aibu ya kuzaliwa, ambayo si kosa lake, kuliko kumwona mchumba akinyongwa. Mtu akikupenda na kukuficha, mapenzi yake yana upungufu wa kukuamini.

Kimya cha pili ni cha Mark Frettlby. Huyu ni mtu wa Melbourne ya siku zile. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Victoria mwaka 1851, watu wakamiminika kutoka pande zote, na katika muda wa miaka thelathini mji ukawa na majumba ya mawe, mabenki na makanisa yenye minara mirefu. Katika mji mpya kama huo kila mtu alitoka mahali pengine, na jana ya mtu haikujulikana na jirani. Mtu aliweza kujitengenezea sifa kama ajengavyo nyumba. Frettlby alijenga zote mbili. Ujanani alimwoa Rosanna kwa siri, mwanamke akamwacha akaenda zake, kisha ikamfikia habari kwamba amekufa. Akaiamini, akaoa tena. Basi hakufanya udanganyifu kwa makusudi. Lau angalisimama siku ya kwanza alipojua kwamba Rosanna yu hai, akasema wazi mbele ya wakili na mbele ya binti yake, angaliona haya, lakini pasingalimwagika damu.

Hakusema. Na hapo twajifunza jambo ambalo hadithi nyingi za upelelezi hulitaja bila kulichimba: siri ikiogopwa huwa mali. Yule aliyeificha hufikiri kwamba anaimiliki, kumbe imekuwa bidhaa, na kila aipataye aweza kuiuza. Whyte alikuwa na cheti cha ndoa ya Frettlby na Rosanna. Akamwendea tajiri na kutaja bei yake, nayo ilikuwa Madge. Baba akaanza kumsukuma binti yake kwa mtu asiyempenda ili kukinunua kimya. Kisha Whyte akauawa garini kwa ajili ya karatasi hiyo hiyo, na mwuaji, rafiki yake aitwaye Roger Moreland, akaichukua na kumwendea Frettlby naye adai sehemu yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Frettlby alikufa ghafula, na maandishi aliyoyaacha ndiyo yaliyomtaja Moreland.

Wako wanaosema kwamba huyu Moreland ndiye udhaifu wa kitabu, nami sitawapinga sana. Twamwona mapema kama rafiki wa marehemu, kisha apotea karibu kabisa, mpaka mwandishi amhitaji. Mwandishi mwenyewe ametupa sababu. Katika ile dibaji yake aeleza kwamba mara ya kwanza alimfanya Frettlby awe ndiye mwuaji. Alipousoma mswada akaona hatia yake yaonekana waziwazi mno, basi akaiandika hadithi upya na kumtia Moreland ndani ili abebe lawama. Mshono huo waonekana. Mpenda mafumbo ana haki ya kunung'unika, kwa sababu dalili nyingi zilizopandwa kitabuni zilipandwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Lakini mimi naona badiliko hilo lilikiokoa kitabu kutoka kuwa kisa cha kawaida. Kama Frettlby angalikuwa mwuaji, tungalimlaani na kumwacha. Sasa hatuwezi. Mikono yake ni safi, na bado kimya chake ndicho kilichomlipa mwuaji. Hakushika kitambaa chenye klorofomu, lakini woga wake ndio uliofanya kipande cha karatasi kiwe na thamani ya kuua mtu. Kijana aliyeandika kitabu kwa mara ya kwanza, akitaka tu kumficha mwuaji vizuri zaidi, alijikwaa akaokota ukweli mkubwa kuliko ule aliokuwa akiutafuta.

Jambo jingine lililo jema katika kitabu ni mji wenyewe. Kutoka Collins Street, penye klabu ya matajiri, mpaka Little Bourke Street, penye vichochoro vya ufukara, ni mwendo wa dakika chache. Fitzgerald autembea mwendo huo nyuma ya Sal, kisha wakili Calton autembea naye akiongozwa na askari kanzu wa pili, Kilsip. Kila mara twaona mabwana hawa wakishangaa kana kwamba wamevuka bahari. Mwandishi hatuhubirii. Atutembeza tu, na miguu yetu yajua kwamba nyumba ya mwenye mali na pango la maskini vimepakana. Siri ya Frettlby yatufundisha hilo hilo kwa njia nyingine: hazikupakana kwa mitaa tu, zimeungana kwa damu. Yapasa pia kusema kwamba anapowataja Wachina wa mtaa ule, Hume atazama kwa macho ya wakati wake, na macho hayo yana dharau. Msomaji wa leo na alitambue jambo hilo wala asilifuate.

Sasa nafika kwenye kimya cha tatu, ambacho mwandishi hakukiita kimya, wala hakukiona kuwa ni kosa. Sal Rawlins, yule msichana wa kichochoroni aliyeibeba barua, alikuwa ametafutwa kila mahali wakati wa kesi. Hatimaye alitokea, akasimama kortini, akaeleza kwamba saa ile ya mauaji Fitzgerald alikuwa pamoja naye, akimpeleka kwa mgonjwa. Ushahidi huo ukamwokoa Fitzgerald na kamba. Baada ya kesi Madge, kwa wema, alimchukua Sal akamweka nyumbani mwa baba yake awe mtumishi wake. Ndipo siri ya mwisho ikafunuka kwa wakili. Rosanna alikuwa na mtoto kwa Frettlby, na mtoto huyo ni Sal. Yule aliyekuwa akimvika nguo Madge alikuwa dada yake kwa baba. Na kwa sheria ile ile iliyotiwa hofuni na watu wote kitabuni, yeye Sal ndiye mtoto wa halali.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wasemavyo Waswahili. Sal alikuwa ndiye kata. Ameingia ndani ya jambo lote, amelibeba mkononi, amewanywesha wengine, lakini mwenyewe hakuonja. Frettlby alipokwisha kufa na Moreland akiwa amekamatwa, wale waliobaki na siri waliamua kwamba Sal asiambiwe yeye ni nani. Wakamtengea fedha za kumtunza, na mambo yakaishia hapo. Wapenzi wakaoana wakasafiri. Kitabu chafungwa kwa utulivu, na yaonekana mwandishi atutaka tuufurahie utulivu huo.

Mimi siwezi kuufurahia. Najua majibu yatakayotolewa. Watasema kwamba Frettlby amekufa na maiti haaibishwi. Watasema kwamba Madge ameteswa vya kutosha. Watasema kwamba Sal amepata fedha, na msichana aliyelelewa kichochoroni angefanya nini na jina kubwa? Majibu hayo yana huruma ndani yake, lakini huruma yote yamwendea mtu mmoja. Fedha alizopewa Sal alipewa kama sadaka, hali zilikuwa haki. Na jina si fedha. Mtu aliyekua akiitwa mtoto wa mitaani ana haki ya kujua kwamba hakuwa hivyo, hata kama ujuzi huo hautamwongezea sahani mezani. Kumnyima habari ya baba yake ni kumwachia aibu isiyo yake ili mwingine asivishwe aibu isiyo yake. Aibu haikuondolewa duniani. Ilihamishwa tu, ikawekwa penye bega lililozoea mizigo.

Tazama tena mpangilio wa hadithi. Watu wote wenye heshima walinyamaza. Frettlby alinyamaza kwa woga. Fitzgerald alinyamaza kwa mapenzi. Aliyesema kortini, mbele ya watu waliomdharau, ni msichana asiye na kitu, na kwa kusema kwake akaokoa uhai wa mtu. Malipo yake yalikuwa kunyamaziwa. Yeye peke yake ndiye aliyevunja kimya, na yeye peke yake ndiye aliyefungiwa nje ya ukweli mwisho wa kitabu. Sidhani kwamba Hume aliona uchungu wa jambo hilo. Lakini aliliandika, na lililoandikwa halimtegemei tena mwandishi. Kitabu chaweza kujua zaidi ya mtungaji wake.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi msome hadithi za upelelezi, na wala msione haya kwamba ni hadithi za kupitisha wakati. Ila mnapofika ukurasa wa mwisho msiridhike na jina la mwuaji. Ulizeni maswali mengine matatu. Kwanza, siri hii iliogopwa kwa sababu gani: kwa kuwa ilikuwa mbaya, au kwa kuwa watu wa mahali pale walikubaliana kuiita mbaya? Pili, wakati siri ilipofichwa, ni nani aliyepata faida, na ni nani aliyetoa gharama bila kuulizwa? Tatu, siri ilipofunuliwa, ni nani aliyesahauliwa kuambiwa? Maswali hayo yatawafaa hata nje ya vitabu, kwa maana hakuna ukoo usio na sanduku lake lililofungwa, wala hakuna sanduku ambalo halina mtu aliyelala chini juu ya sakafu ili lipate nafasi kitandani.

Na kwa wale kati yenu wanaotaka kuandika, Fergus Hume ameacha mafunzo mawili. La kwanza ni la soko: msiiuze kazi yenu yote kwa bei ya siku ya kwanza. La pili ni la sanaa, nalo ni zito zaidi. Yeye alitembea kichochoroni usiku baada ya usiku, akaona, akasikia, akaandika aliyoyasikia. Ndiyo sababu Sal Rawlins yu hai katika kurasa zake kuliko mabwana waliovaa vizuri. Pale ambapo hakutembea, yaani katika moyo wa msichana yule siku ile ilipoamuliwa kwamba asiambiwe kitu, hapo kitabu ni kitupu. Ukurasa huo bado haujaandikwa. Huenda atakayeuandika, kwa habari ya Sal mwingine wa mji mwingine, amekaa sasa darasani, ameshika kalamu, na ameambiwa kwamba watu wa kwao hawawezi kuandika kitu kistahilicho kusomwa.